Kidude cha Nchi za Baridi

Kwa Fundi, gari haliharibiki. Gari huharibiwa, na aliyeliharibu ni wewe uliyelileta. Ukifika gerejini kwake Masuguru, pale Korogwe, kabla hata hujazima injini, kama haijajizima yenyewe, ataweka chini spana, atapangusa mikono kwenye ovaroli iliyo chafu kuliko mikono, na atakuuliza, "Umeifanya nini tena?" Hakuna habari za safari, hakuna karibu. Ukimwamkia ataitikia marahaba kwa haraka, kama mtu anayefukuza nzi, halafu atalirudia swali lake.

Nimeulizwa swali hilo kwa miaka tisa. Mimi ni mwalimu wa hisabati, nafundisha sekondari Handeni, na nimezoea kuwa upande wa wanaouliza. Mbele ya Fundi nilijikuta najitetea kama mwanafunzi aliyesahau daftari nyumbani. "Sijalifanya kitu, Fundi. Nimetoka nalo Handeni taratibu kabisa." Naye atatikisa kichwa kwa masikitiko. "Taratibu. Gari kama hii unaiendesha taratibu, mwalimu? Ndiyo maana." Safari inayofuata nimwambie nimekimbia kidogo, aseme, "Unakimbia na gari ya zamani? Ndiyo maana." Hiyo "ndiyo maana" yake imenikondesha kuliko chaki.

Gari lenyewe lilikuwa la kaka yangu, marehemu. Alilinunua Dar es Salaam likiwa limeshazeeka: gari la michezo, jekundu, milango miwili na viti viwili, lililokaa chini kiasi kwamba ukiwa ndani yake unapishana na matairi ya malori, malori yenyewe huyaoni. Kaka alifariki kwa ugonjwa uliomchukua ndani ya wiki mbili, akiwa hajaoa, na gari likaja kwangu kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kumjia. Mama yetu anaishi Bungu, juu milimani, na magoti yake yalishakataa mteremko. Hakuwahi kuliona gari hilo. Matanga yalipokwisha hakuuliza habari ya nguo za kaka wala vyombo vyake. Aliniambia neno moja. "Lile gari ulilete hapa nyumbani. Nataka nikae pale alipokuwa anakaa mwanangu."

Ombi ni hilo tu. Kutoka Korogwe kupanda Bungu ni safari ya asubuhi moja wakati wa kiangazi, ingawa mvua zikianza gari la chini kama lile usithubutu. Ningeweza kulimaliza jambo hilo kwa Jumamosi moja na kurudi kusahihisha mitihani. Lakini gari la kaka lilikuja kuwa na magonjwa mawili. Kwenye tambarare, likienda polepole au likisimama kupisha ng'ombe, lilizima. Kwenye mlima lilichemsha. Kwa hiyo kila mara nikawa namrudia Fundi, kwa sababu Korogwe nzima ilisema ndiye.

Na kweli, ukimwona anavyosikiliza injini utaamini. Anachukua bisibisi ndefu, ncha yake anaigusisha kwenye chuma cha injini, mpini anauweka sikioni, na anafumba macho. Watu wote gerejini wananyamaza. Atasogeza bisibisi hapa, atasogeza pale, atakunja uso. Ukimuuliza amesikia nini, hasemi. Miaka tisa sijawahi kuambiwa alichosikia. Anafumbua macho na kusema, "Niachie."

Ukishamwachia, utalijua neno lake la pili, ambalo ni "tayari". Mimi nilidhani tayari ni tayari. Nitapiga simu Ijumaa, atasema tayari, nitatoka Handeni Jumamosi alfajiri nimevaa shati la kwenda kwa mama, nitafika nikute injini iko juu ya gunia. "Si ulisema tayari, Fundi?" "Tayari, mwalimu. Imebaki kufunga tu." Siku moja nilikuta hata viti hamna. Alivitoa avianike juani kwa sababu, alisema, vilikuwa na harufu ya unyonge. Ndiyo siku ambayo mama alishushwa Korogwe na majirani kuja kutazamwa macho, mara yake moja kushuka katika miaka yote hiyo. Nilimpigia nikamwambia asinisubiri, gari liko kwa fundi. "Kila siku kwa fundi," akasema, na akarudi zake Bungu.

Msinielewe vibaya. Si mbabaishaji. Kuna mambo ambayo mafundi wenzake wote wanayapuuza na yeye ameyashikilia peke yake kwa ukali wa imamu. Maji, kwa mfano. Haruhusu maji ya kisima yaingie kwenye rejeta. Anasema yana chumvi na yataota ukoko ndani. Ana mapipa mawili chini ya bati la gereji, anakinga mvua, anayafunika kwa kitambaa, na maji hayo hakuna anayeruhusiwa kuyanywa wala kunawia. Yeye mwenyewe anakunywa ya kisima. Nilimuuliza kama tumbo lake halioti ukoko. Akasema tumbo lake halina injini, na akaendelea na kazi.

Tena ana huruma, ingawa ukimwambia hivyo atakutukana. Kuna siku fuso la nyanya lilikufa kwenye njia ya Magoma, limekata mkanda wa feni, na juu yake wamekaa akina mama wenye matenga yao, jua linawaka na nyanya zinalainika. Fundi alipigiwa simu mimi nikiwa pale gerejini, gari langu limefunguliwa kifua. Akaniacha. Akapanda pikipiki, akafika kule, akawagombeza akina mama kwa kupanda gari bovu, akamgombeza dereva kwa kuzaliwa, kisha akaunganisha mkanda kwa mpira wa tairi la baiskeli. Halafu hakurudi. Alilisindikiza lile fuso mpaka sokoni, akasimama mpaka tenga la mwisho liliposhushwa. Mimi nilikaa kwenye benchi lake mpaka saa kumi na moja jioni. Aliporudi aliniuliza, "Kumbe bado upo?"

Kitu kilichonichosha zaidi ni imani yake kuhusu nchi za baridi. Fundi anaamini kwamba magari yote haya yanatengenezwa na watu wanaoishi kwenye theluji, na kwa hiyo nusu ya vilivyomo ni vya theluji, havituhusu. Akimaliza kufunga gari, daima hubaki vitu juu ya meza. Bolti tatu, kibati, kipande cha mpira. Ukiviulizia anavisukuma pembeni kwa mgongo wa mkono. "Hivyo vya nchi za baridi hivyo." Alijifunza kazi ujanani kwenye malori ya shamba la mkonge, malori ambayo yalivuliwa kila kisicho cha lazima na bado yalitembea, na tangu hapo huona kila gari ni lori la mkonge lililovalishwa nguo nyingi.

Siku ya kwanza kabisa nilipompelekea gari, lilikuwa limechemsha mara moja tu, kwa sababu mpira wa rejeta ulipasuka. Alibadilisha mpira kwa nusu saa. Halafu, akiwa ameshika spana na bado ana hamu ya kazi, alifungua mahali fulani juu ya injini akatoa kidude cha shaba, kina springi, kinaenea kwenye kiganja. Thamostati, akaniambia. Kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. "Sasa mwalimu, Korogwe hapa injini inahitaji kutafutiwa joto?" Nilicheka. Nilikubali. Nilisimama pale, mtu mwenye shahada, nikatikisa kichwa kwamba ni kweli, joto la Korogwe halihitaji msaada. Wala hakuwa peke yake. Ukienda gereji yoyote huku kwetu tambarare, gari likichemsha, cha kwanza kung'olewa ni hicho. Nikamshukuru.

Kiangazi kilichofuata nilipanda Bungu. Nilifika kwenye kona moja kali, penye mama anayeuza mapea na viazi, mshale wa joto ukalala kwenye nyekundu na moshi ukatoka kwenye boneti. Nikageuza. Fundi akasema, "Umeipandisha kwa gia gani? Ndiyo maana," akaiunganisha feni moja kwa moja na betri iwe inazunguka muda wote. Kiangazi kingine, kona ileile. Akaifungua rejeta, akaichokonoa. Kingine tena, kona ileile. Akabomoa injini akabadilisha gasketi. Mama wa mapea alinizoea akawa ananiwekea ndoo. Na kule tambarare gari liliendelea kuzima: mbele ya lango la shule, kwenye kivuko cha watembea kwa miguu, mara moja mbele ya msafara wa harusi uliobidi unipite kwa kupitia majani, bibi harusi akanipungia mkono. Plagi zilikuwa nyeusi tii kila mara. Fundi alizipiga brashi akasema mafuta ya Handeni ni machafu.

Mambo hayo yangekuwa ya kuchekesha kama mama asingekuwa anasubiri. Kila nilipogeuza gari nilimpigia simu, na kila nilipompigia sauti yake ilikuwa fupi zaidi.

"Limechemsha, mama."

"Limechemsha."

"Kweli, mama. Maji yameisha yote."

"Fuso za matofali zinapanda hapa kila siku, mwanangu. Zinapita mbele ya mlango wangu."

Safari ya tatu hakuwa mkali hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Alisema, "Kama hutaki nilikalie, we' niambie tu. Sitakulaumu." Nikamwapia. Hakuniamini. Nilipokwenda kumwona kwa pikipiki mwezi uliofuata, wazee wa jumuiya yake walinijibu salamu huku wanaangalia pembeni, na mmoja akaniuliza kwa upole kama nalifurahia gari la marehemu. Hapo nikajua kwamba Bungu nzima imeshaambiwa: mdogo mtu amerithi gari la kaka yake na anamnyima mama yake hata kulikalia. Mama yangu ana miaka inayokaribia themanini. Nilianza kuogopa kwamba atakufa akiliamini hilo.

Nilimweleza Fundi. Nilimweleza yote, mpaka ile ya wazee. Aliinamisha kichwa, akasikiliza bila bisibisi, na kwa mara ya kwanza hakusema ndiyo maana. Alisema, "Niachie." Nikamwachia. Akabadilisha pampu ya maji. Kiangazi cha nne, kona ileile, na ndoo.

Aliyekuja kulifumbua jambo hili ni dereva wa lori la mahindi, mwanamke wa makamo, aliyeegesha nje ya shule yetu Handeni akanikuta nimezima tena langoni. Hakuniuliza nimelifanya nini. Aliniambia nisubiri lipoe kabisa, nikasubiri, halafu niwashe. Akaweka kiganja kwenye mpira wa juu wa rejeta. Baada ya dakika moja akanishika mkono wangu akauweka pale. Ulikuwa umeshaanza kupata joto.

"Ulitakiwa uwe baridi bado," akasema. "Thamostati iko wapi?"

"Ilitolewa. Ni ya nchi za baridi."

Alinitazama kwa huruma niliyoistahili. Akanieleza pale pale, amechuchumaa, kwa lugha ambayo ningeitumia mimi kwa kidato cha kwanza. Bila kile kidude injini hii haipati joto lake ikienda polepole, kwa hiyo inaendelea kumwagiwa mafuta mengi kama ya kuwashia asubuhi, plagi zinalowa, inazima. Na kile kidude kikifunguka, kitako chake kinaziba njia ya pembeni, ile inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupozwa, ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukikitoa, njia ya pembeni inabaki wazi. Kwenye mlima, wakati injini inahitaji kupozwa, maji mengi yanapita mkato na kuirudia injini yakiwa ya moto. Magonjwa mawili, chanzo kimoja. Tena gari halikuwa likizima kabla ya siku ile ya mpira wa rejeta. Mimi, mwalimu wa hisabati, sikuwahi kuliona.

Nilikwenda Masuguru nikiwa na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo kwa mtu mzima. Fundi alikuwa amezeeka ghafla kama wanavyozeeka watu unaowaona kila mara; miwani imefungwa kwa waya, ameketi kwenye tairi. Sikumwamkia, Mungu anisamehe. Nilisema, "Kile kidude cha nchi za baridi. Ndicho."

"Nani kakwambia?"

"Dereva wa lori."

Nilitegemea anigombeze. Alingoja gari lipoe kabisa. Halafu akaniambia niwashe, akaweka kiganja kwenye ule mpira wa juu, akahesabu kwa midomo. Aliutoa mkono akautazama. Kisha akaingia ndani akarudi na kopo la rangi la lita nne, limejaa thamostati mpaka juu, za shaba, za bati, ndogo na kubwa. Hakutupa hata moja. Aliikuta yangu bila kutafuta sana, maana anazijua zote zimetoka kwenye gari gani, na zile nyingine alizisoma kwa sauti ya chini akiziweka mezani: hii ya pikapu ya mwenye duka la mbao, hii ya daktari wa mifugo, hii ya fuso la nyanya.

Akaazima jiko na sufuria kwa mama wa chai jirani, akaweka maji ya mvua, akakining'iniza kidude changu kwa waya ndani yake, na tukasimama pale wawili tunachungulia ndani ya sufuria. Maji yalipoanza kuvuma, kile kidude kilijifungua. Taratibu, vizuri kabisa, kama kilivyotengenezwa. Kilikuwa kizima. Miaka tisa kimekaa kizima ndani ya kopo, mama yangu akiwa dirishani Bungu. Ningeweza kulipiga teke lile sufuria.

"Malori ya mkonge hayakuwa na njia ya pembeni," Fundi akasema. Hakuwa ananiambia mimi.

Akakifunga siku ileile, na alichokisema kuwa tayari kilikuwa tayari. Jumamosi iliyofuata nilipokwenda kulichukua nilimkuta amevaa kanzu na kofia safi na amefunga gereji, jambo ambalo hakuwahi kulifanya ila siku za Idi. Akaingia kwenye kiti cha abiria. Sikumwalika. Tukapanda Bungu, tumbo la gari linakwaruza kwenye mawe, naye kila likikwaruza ananitazama kama nimemkanyaga yeye. Mama wa mapea alinyanyuka na ndoo yake alipotuona. Mshale ulikuwa katikati. Tukampita.

Mama alikuwa barazani anachambua maharage. Alisimama kwa kushika ukuta, akalitazama gari muda mrefu. "Ndilo hili?" akauliza. "Dogo hivi?"

Kabla sijajibu, Fundi alikuwa ameshatoka. Alivua kofia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Mimi ndiye fundi. Mwanao amejaribu kukuletea hii gari mara nne. Nilitoa kitu ambacho hakitakiwi kutolewa. Kosa ni langu, siyo lake." Aliyasema hayo haraka, akiangalia tairi la mbele. Kwangu mimi hajawahi kuyasema, mpaka leo.

Mama akasogea hadi kwenye gari. Alinyoosha mkono nikamshika, tukamwingiza taratibu kwenye kiti cha dereva, mguu mmoja kisha mwingine. Akaweka mikono kwenye usukani. Akaniambia niwashe. Nilipitisha mkono mbele yake nikawasha, injini ikanguruma, na sisi watatu tukangoja izime. Haikuzima. Mama alilia, si kwa sauti, huku kidole gumba chake kikisugua sehemu ya usukani ambayo ngozi yake imelika kwa kushikwa. Fundi alitupa mgongo akatazama migomba.

"Zima sasa," mama akasema baada ya kitambo. "Mafuta hayo." Halafu akanigeukia. "Baba, mimi nimekusema vibaya kwa watu. Jumuiya yote inajua wewe ni mchoyo."

"Najua, mama."

"Jumapili nitasimama mbele yao. Nitasema nilikosea."

Fundi akageuka. "Ukisimama, mama, na mimi nitaje. Useme ni fundi wa Masuguru."

"Masuguru mafundi ni wengi," mama akasema, bado kashika usukani. "Wewe unaitwa nani?"

Akamwambia. Jina lake, la baba yake na la babu yake, yote matatu, amesimama wima, kofia mkononi. Mama aliyashika mara moja, akayatamka nyuma yake ili asiyasahau mpaka Jumapili. Mimi, niliyemwita Fundi tu kwa miaka tisa, nilimwomba ayarudie.